Kazi Mbili kwa Mpigo: Jinsi Jaribio la Oregon Lilivyopima Tai Chi na Akili za Wazee

Tai chi ni mfuatano wa miondoko ya polepole uliotokana na sanaa za mapigano za China. Kwa mzee anayeanza kujifunza, kazi yake ya kwanza huonekana kuwa ya miguu: kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kuyumba. Kazi ya pili haionekani kwa macho. Mfanyaji hulazimika kukumbuka ni mwondoko upi unaofuata, kupeleka mkono huku na mguu kule, kuzuia pupa ya kwenda haraka, na kuirudisha akili pale inapotangatanga. Watafiti wa afya ya wazee wamekuwa wakijaribu kwa muda mrefu kupima kama kazi hii ya pili inaweza kupunguza kasi ya usahaulifu unaokuja na umri. Mojawapo ya majaribio yaliyopangwa kwa makini zaidi kuhusu swali hilo lilifanyika katika jimbo la Oregon, Marekani, chini ya Fuzhong Li wa taasisi ya utafiti ya Oregon Research Institute, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Annals of Internal Medicine.

Ugumu wa swali lenyewe huonekana mara mtu anapojaribu kulipima. Mzee anayehudhuria darasa la tai chi mara mbili kwa wiki hupata mambo mengi kwa wakati mmoja: mwili unafanya kazi, anakutana na wenzake, anakuwa na ratiba, mkufunzi anamtia moyo, na anajifunza jambo jipya. Akipewa mtihani wa kumbukumbu baada ya miezi sita na kumshinda jirani yake aliyekaa tu nyumbani, hakuna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo lililomsaidia. Huenda kutembea na marafiki kungetosha, au hata kunywa nao chai. Kwa hiyo thamani ya jaribio la aina hii hutegemea zaidi kundi la kulinganisha kuliko kundi linalofanya zoezi lenyewe.

Asili ya tai chi inayotambuliwa zaidi ni kijiji cha Chenjiagou, katika mkoa wa Henan, ambako ukoo wa Chen ulirithishana mbinu hizo tangu karne ya 17. Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799, alijifunza huko kisha akazipeleka Beijing, na mjukuu wake Yang Chengfu akaeneza ile sura laini na ya taratibu inayoonekana leo katika bustani za miji mingi. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya serikali ya China ilitoa mfuatano mfupi wa miondoko 24 ili watu wa kawaida waweze kuumudu. Li na wenzake waliufupisha zaidi. Mtaala wao, uliotungwa kwanza kwa ajili ya kuzuia wazee kuanguka, una miondoko minane tu, ikiwamo kupunga mikono kama mawingu, kumrudisha nyani nyuma, na kushika mkia wa tausi. Katika kila mmoja, mguu unaobeba uzito, kiwiliwili kinachogeuka na macho yanayoufuata mkono lazima viende pamoja.

Mtaala huo ulikuwa tayari umethibitika upande wa mwili kabla ya swali la akili kuulizwa kwa ukubwa huu. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilichapisha jaribio la watu 670 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wote wakiwa katika hatari ya kuanguka. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: tai chi, mazoezi mchanganyiko ya nguvu na uthabiti, na kunyoosha viungo. Katika miezi 6 wale wa tai chi walianguka kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 58 kuliko wa kunyoosha viungo, na chini kwa asilimia 31 kuliko wa mazoezi mchanganyiko. Takwimu hizi mbili zikiwekwa kando kwa kando zinaonyesha jambo linalojirudia katika utafiti mzima wa tai chi: faida huwa kubwa pale mpinzani anapokuwa dhaifu, na husinyaa anapokuwa na nguvu.

Upande wa akili, ushahidi wa awali ulitoka zaidi China. Huko Hong Kong, Linda Lam na wenzake waliwagawa wazee 389 waliokuwa katika hatari ya kupungukiwa na uwezo wa akili: 171 wakafanya tai chi ya miondoko 24, na 218 wakafanya mazoezi ya kunyoosha na kukaza misuli. Ripoti ya mwaka mzima, iliyotoka 2012, ilionyesha dalili kwamba waliofanya tai chi hawakuingia kwenye dimensia kwa wingi kama wenzao. Lakini ni asilimia 54 tu ya kundi la tai chi waliofika mwisho, ikilinganishwa na asilimia 78 ya kundi la pili. Pengo hilo ni zito. Wanaoacha darasa linaloilemea kumbukumbu mara nyingi ndio wale ambao kumbukumbu yao inashuka, kwa hiyo kundi linalobaki huweza kuonekana lina afya hata kama zoezi halikuwafanyia chochote. Tai chi ya miondoko 24 ni mzigo kwa mtu anayeanza kusahau, na uamuzi wa Oregon wa kubaki na minane unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa pamoja na idadi hiyo ya walioacha.

Huko Shanghai, James Mortimer wa Marekani na madaktari wa China walichukua njia nyingine. Wazee 120 wasio na dimensia waligawanywa katika makundi manne kwa wiki 40: tai chi, kutembea, mazungumzo ya kikundi, na kundi lisilopewa chochote. Picha za MRI zilipigwa mwanzoni na mwishoni. Ujazo wa ubongo uliongezeka kwa watu wa tai chi na kwa watu wa mazungumzo ukilinganishwa na wale wasiopewa kitu, na kundi la tai chi lilipanda pia katika vipimo kadhaa vya kumbukumbu na umakini. Kundi la mazungumzo lilipanda katika vipimo vichache zaidi. Kundi la kutembea halikutofautiana na lile lisilopewa chochote. Matokeo hayo yanaweza kushangaza, kwa sababu mwaka mmoja kabla hayajachapishwa, 2011, Kirk Erickson na wenzake walikuwa wameripoti, pia kutokana na wazee 120, kwamba kutembea kwa mwaka mmoja kuliongeza ujazo wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa takriban asilimia 2. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kasi. Erickson aliwatembeza watu hadi moyo upige kwa bidii iliyopangwa, wakati Shanghai kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na waliotembea haraka kwa hiari yao walifanya vizuri kuliko waliojikokota. Jambo la kushikilia hapa ni mafanikio ya mazungumzo. Yanaonyesha kwamba ubongo wa mzee huitikia kazi ya akili na kuwa na watu hata pale misuli inapopumzika, na kwa hiyo darasa lolote la mazoezi lazima lithibitishe kwamba faida yake inapita ile ya kukaa pamoja tu.

Mwaka 2014 Peter Wayne wa Harvard na wenzake walikusanya tafiti 20 zenye jumla ya watu 2,553. Kwa wazee wenye afya, athari ya tai chi kwa uwezo wa kupanga, kubadili mwelekeo na kuzuia msukumo ilikuwa 0.90 katika kipimo cha kitakwimu cha ukubwa wa athari ilipolinganishwa na kutofanya kitu, na 0.51 ilipolinganishwa na mazoezi mengine. Kwa waliokwisha kupungukiwa na uwezo wa akili, athari zilikuwa ndogo zaidi. Msinyao uleule wa takwimu za kuanguka unajitokeza tena. Kilichobaki juu ya mazoezi mengine bado ni kikubwa kiasi cha kutopuuzwa, ila tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na za viwango mbalimbali, na hakuna uliokuwa umetenganisha miondoko na fikra ndani ya tai chi yenyewe.

Hilo ndilo jaribio la Oregon lililolifanya. Washiriki walikuwa 318, wenye umri wa miaka 65 au zaidi, waliokuwa wanalalamika kuhusu kumbukumbu zao au walioonyesha dalili za kupungua kidogo kwa uwezo wa akili, hali inayotangulia dimensia kwa baadhi ya watu na kutulia kwa wengine. Kura iliwapeleka katika makundi matatu yaliyokaribiana: 105 kwenye tai chi iliyoongezewa kazi ya akili, 107 kwenye tai chi ya kawaida, na 106 kwenye kunyoosha viungo. Wote walikuwa na darasa la saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, wakiwa nyumbani mbele ya skrini na mkufunzi akiwaongoza moja kwa moja kwa video. Muda, ratiba, mkufunzi na nyuso za wenzao vilikuwa sawa kwa kila mmoja. Kwa mpangilio huo, ile hoja ya chai na marafiki imeondolewa kwenye hesabu, kwa kuwa hata kundi la kunyoosha viungo lilipata ushirika na uangalizi uleule.

Nyongeza ya akili ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Wakati miguu na mikono ikiendelea na mwondoko, mshiriki alitakiwa kutamka neno na kuliendeleza herufi kwa herufi, kisha kuliendeleza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza hugundua kwamba kimoja kati ya vitu viwili hukwama: ama herufi zinapotea au mguu unasimama. Kukwama huko ndiko kunakotafutwa. Ubongo wa mzee hugharamia kila hatua kwa umakini zaidi kuliko wa kijana, na kinachobaki kwa ajili ya fikra hupungua. Kumlazimisha agawe umakini wake kati ya kazi mbili, mara kwa mara na kwa ugumu anaoumudu, ni kufanyia mazoezi uwezo uleule unaodhoofika. Kwa mtazamo huo, wepesi wa ile miondoko minane una kazi maalumu: mwondoko ukishaingia mwilini huacha nafasi ambayo herufi zinaweza kuijaza. Miondoko 24 ingeimaliza nafasi hiyo kabla neno la kwanza halijatamkwa.

Vipimo vikuu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni mtihani wa MoCA, uliotungwa Montreal na Ziad Nasreddine na wenzake na kuchapishwa 2005. Una alama 30, na kwa kawaida 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa hali njema. Mtu huchora saa, hunakili mchemraba, hukumbuka maneno matano baada ya dakika kadhaa, hurudia tarakimu kinyumenyume, na kutaja siku na mahali alipo. Ni mtihani wa shule kwa sura yake, na watungaji walilitambua hilo kwa kuwaongezea alama moja wenye elimu ya miaka 12 au chini yake. Mahali ambapo wazee wengi hawakushika penseli utotoni, marekebisho hayo hayatoshi. Kwa sababu hiyo watafiti wa dimensia katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitunga kipimo chao, IDEA, ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo badala ya kuchora. Kwa washiriki wa Oregon MoCA ilifaa, lakini alama zake haziwezi kuhamishwa hivihivi kwenda kwa watu wa historia tofauti ya shule.

Kipimo cha pili kiliangalia mwendo. Mtu hupimwa kasi akitembea tu, kisha akitembea huku akifanya kazi ya akili, na tofauti kati ya kasi hizo mbili huitwa gharama ya kazi mbili. Gharama hiyo si jambo la maabara peke yake. Mwaka 2017 Manuel Montero-Odasso na wenzake wa Kanada waliripoti, baada ya kuwafuatilia watu 112 wenye upungufu mdogo wa akili, kwamba wale ambao mwendo wao ulipungua sana walipohesabu kurudi nyuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikia dimensia. Mzee anayesimama kabisa ili ajibu swali aliloulizwa njiani anaonyesha kitu ambacho mtihani wa mezani unaweza kukikosa.

Mwishoni mwa wiki 24, kundi la tai chi iliyoongezewa kazi ya akili lilikuwa limepanda katika MoCA kwa alama 1.5 zaidi ya tai chi ya kawaida, na 2.8 zaidi ya kunyoosha viungo. Katika gharama ya kazi mbili lilikuwa bora kwa asilimia 9.9 na asilimia 22 kwa mfuatano huohuo. Wiki 48 zilipotimia tofauti bado zilikuwapo. Namna ya kuripoti inastahili kutazamwa pia. Kwa desturi, watafiti hutoa masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka ambayo tofauti halisi inakadiriwa kuwa ndani yake. Hapa yalitolewa ya asilimia 98.75, kwa kuwa vipimo viwili vikilinganishwa na makundi mawili hufanya ulinganisho mara nne, na kila ulinganisho wa ziada ni nafasi nyingine ya bahati kujifanya ukweli. Ile asilimia 5 ya kosa inayoruhusiwa iligawanywa kwa nne. Kwa tofauti ya 1.5 masafa yalikuwa kati ya 0.7 na 2.2, na kwa 2.8 yalikuwa kati ya 2.1 na 3.6. Hakuna yaliyogusa sifuri hata kwa kigezo hicho kikali.

Kwa hesabu ya kutoa, tai chi ya kawaida yenyewe ilikuwa mbele ya kunyoosha viungo kwa takriban alama 1.3, na nyongeza ya akili ikaleta 1.5 juu yake. Mgawanyo huo wa karibu nusu kwa nusu ndio mchango mkubwa wa jaribio hili. Unasema kwamba miondoko ya tai chi ina faida yake hata bila maneno, jambo linalokubaliana na Hong Kong na Shanghai, na kwamba faida hiyo inaweza kuzidi kidogo maradufu kwa gharama ya kufungua kinywa tu. Wanaotafuta maelezo ndani ya mwili wana vidokezo kadhaa. Nchini Thailand, Somporn Sungkarat na wenzake waliwapa wazee 66 wenye upungufu wa kumbukumbu miezi 6 ya tai chi, kwa sehemu kubwa wakijifanyia nyumbani, na wakapata ongezeko la BDNF katika damu, protini inayosaidia seli za neva kukua na kuunganishwa. Protini hiyo, hata hivyo, hupanda pia kwa mazoezi mengine, kwa hiyo haielezi ubora wa tai chi dhidi ya mazoezi hayo. Kwa nusu ya pili, ile ya maneno, maelezo ya kugawa umakini yanabaki kuwa ya moja kwa moja zaidi.

Palipo na udhaifu pia panahitaji kusemwa waziwazi. Mtu aliyezoeshwa kuendeleza maneno kinyumenyume kwa miezi sita akipewa mtihani wenye tarakimu za kurudia kinyumenyume, amefundishwa sehemu ya mtihani wenyewe. Vivyo hivyo, aliyezoeshwa kufanya mambo mawili kwa mpigo atapimwa vizuri katika mambo mawili kwa mpigo. Kinachopunguza shaka hii ni kwamba darasa halikuwa la kutembea, ilhali mafanikio yalionekana katika kutembea; ujuzi ulihama kutoka zoezi moja kwenda jingine. Kwa upande wa MoCA shaka hiyo haiondoki yote.

Pengo kubwa zaidi ni kundi ambalo halikuwapo. Hakukuwa na watu waliofanya kazi ya akili bila tai chi, kwa mfano waliokaa kitini wakiendeleza maneno, au walionyoosha viungo huku wakiendeleza maneno hayohayo. Bila wao haiwezekani kujua kama fikra na mwondoko vikichanganywa huzaa kitu kipya, au kama kila kimoja huleta sehemu yake na sehemu hizo hujumlishwa tu. Kwa mzee mwenyewe huenda tofauti hiyo isimhangaishe, kwa kuwa anapata vyote viwili katika saa moja. Kwa anayetunga mtaala ni muhimu sana, maana ndiyo itakayoamua kama mtu asiyeweza kusimama anaweza kupewa nusu ya pili peke yake na kubaki na faida. Hakukuwa pia na kundi lisilofanya mazoezi kabisa, na kwa hiyo jaribio halipimi umbali kati ya darasa hili na kutofanya lolote.

Muda nao ni mfupi kwa ugonjwa unaojengeka kwa miaka mingi. Wiki 48 zinatosha kuona alama zikipanda na kushikilia, lakini hazitoshi kuhesabu ni wangapi walioepuka dimensia, na jaribio halikupangwa kuhesabu hivyo. Washiriki walikuwa watu wenye intaneti nyumbani, kifaa cha video, na uwezo wa kufuata maelekezo kupitia skrini, hali inayowaacha nje wengi ambao upungufu wao umekwisha kusonga mbele. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ina tahadhari kama hiyo: inapendekeza mazoezi ya mwili kwa watu wazima wenye akili timamu ili kupunguza hatari ya kupungukiwa, na kwa wale wenye upungufu mdogo inayapendekeza kwa masharti, kwa kuwa ushahidi kuwahusu ni hafifu zaidi. Jaribio la Oregon lilikuja baada ya miongozo hiyo, na limeongeza uzito upande wa kundi hili la pili.